Moe Berg: Msomi Aliyekaa Benchi

Kila mwanachuo anayecheza mpira, anayeimba au anayechekesha watu kwenye bonanza amewahi kuulizwa swali hili akienda likizo: hivi tumekupeleka chuo kusoma au kucheza? Mzee analiuliza akiwa ameshika gazeti, hata hakuangalii usoni, na wewe unajua kabisa kwamba hilo si swali. Ni hukumu.

Pale kwenye vimbweta mjadala huu hauishi, hasa siku zile tunaposubiri bumu na hakuna mwenye nguvu ya kufungua daftari. Kila mtu ana mfano wake. Fulani aliacha uhandisi akawa mwanamuziki, sasa ana gari. Fulani alidisko mwaka wa pili kwa sababu ya timu ya mkoa, sasa hana timu wala cheti. Nami leo naongeza mfano mmoja kutoka mbali, kutoka Marekani, wa mtu ambaye aliulizwa swali hilo na baba yake mpaka mzee alipoingia kaburini. Naonya mapema tu: mfano wenyewe haumpi ushindi baba wala mtoto.

Jina lake Morris Berg, lakini dunia nzima ilimwita Moe. Alizaliwa New York tarehe 2 Machi 1902, mtoto wa mwisho kati ya watatu. Wazazi wake, Bernard na Rose, walikuwa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Ukraine. Bernard hakufika na mali. Alijisomesha kwa taabu mpaka akawa mfamasia, akafungua duka la dawa Newark, jimbo la New Jersey, na hapo ndipo familia ilipokulia. Msimamo wa mzee ulikuwa mmoja: watoto wasome. Wa kwanza, Samuel, akawa daktari. Wa pili, Ethel, akawa mwalimu. Huyu wa tatu alikuwa na kichwa chepesi kuliko wote, na kwa bahati mbaya, kwa upande wa mzee, alikuwa pia na mkono mzuri wa kurusha mpira.

Besiboli aliianza mtaani akiwa mdogo sana. Alichezea hata timu ya kanisa la Kimethodisti kwa jina la kubuni, ili asijulikane kuwa ni mtoto wa Kiyahudi. Tukio hilo ni dogo, lakini liwekeni akilini. Kujificha alikuanza mapema.

Akiwa na miaka 16 alishamaliza sekondari. Akasoma kidogo New York University, kisha akahamia Princeton, chuo kilichokuwa cha watoto wa wakubwa. Mtoto wa mfamasia Myahudi hakuwa mwenyeji pale. Inasimuliwa kwamba klabu moja ya wanafunzi ilikuwa tayari kumpokea kwa sharti kwamba asijaribu kuwaleta Wayahudi wenzake, naye akakataa. Lakini darasani hakuna aliyeweza kumzuia. Alijikita kwenye lugha: Kilatini, Kigiriki, Kifaransa, Kihispania, Kiitaliano, Kijerumani na Kisanskriti. Mwaka 1923 alihitimu kwa heshima za juu.

Uwanjani napo hakuwa wa kubahatisha. Alicheza nafasi ya mlinzi wa kati na timu ya chuo ilimtegemea. Yeye na mwenzake Crossan Cooper walikuwa na ujanja wao: adui akisimama karibu, akitegea kukimbia, wao walipeana maelekezo kwa Kilatini. Mpinzani anasikia kila neno na haambulii kitu. Mechi yake ya mwisho ya chuo, dhidi ya Yale, ilichezwa Yankee Stadium, uwanja uliokuwa umefunguliwa mwaka huohuo. Princeton walifungwa, lakini Berg alicheza vizuri, na siku iliyofuata alikuwa mchezaji wa kulipwa wa timu ya Brooklyn. Mkataba ulikuwa wa dola 5,000.

Hapo ndipo nyumbani palipochafuka. Kwa mzee Bernard, mtu mzima kulipwa ili arushe mpira ulikuwa upuuzi. Mtoto alijitetea kwamba fedha zile zingemsomesha, na kusema kweli hakudanganya. Msimu ulipokwisha alipanda meli mpaka Paris, akajiandikisha Sorbonne, akachukua kozi 32. Narudia: 32. Sisi tukipewa saba tunaandika barua kwa mkuu wa idara. Pale Paris ndipo alipopata ulevi wake wa maisha, kusoma magazeti. Aliyanunua mengi kila siku, ya lugha mbalimbali, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuligusa gazeti kabla yeye hajalimaliza.

Tatizo likawa kwenye besiboli yenyewe. Ligi kuu ilimwonyesha kuwa hawezi kupiga. Kwa wasioujua mchezo huu, mrushaji anarusha mpira mdogo mgumu kwa kasi kubwa, na mpigaji ana gongo. Mpigaji akifanikiwa mara 300 katika kila mara 1,000, anaheshimika. Berg katika msimu wake wa kwanza alikuwa kwenye 187. Akashushwa ligi za chini, Minneapolis na Toledo, ambako msaka vipaji mmoja alituma ripoti fupi kwamba kijana anadaka vizuri ila kupiga hajui. Wachezaji wenzake nao walikuwa na utani wao: huyu bwana anajua lugha kibao, lakini hakuna hata moja anayoweza kuipigia mpira.

Baada ya kurekebisha mambo akiwa Reading mwaka 1925, akachukuliwa na Chicago White Sox. Na hapa ndipo alipofanya jambo ambalo wengi wetu tungeliona ni kichaa. Alijiunga na shule ya sheria ya Columbia, New York, huku akiwa mchezaji wa timu ya Chicago. Mwaka 1926 alichelewa kujiunga na wenzake kwa sababu ya masomo. Mwenye timu, Charles Comiskey, hakupendezwa hata kidogo na tabia hiyo. Profesa wake mmoja, Noel Dowling, ndiye aliyemwokoa kwa kumpangia asome kozi nyingi muhula mmoja ili apate ruhusa muhula wa mechi. Wanaojua kuhangaikia ruhusa kwenye ofisi za chuo wataelewa kwamba profesa wa namna hiyo ni wa kuombewa dua.

Mpaka hapo Berg hakuwa mdakaji. Udakaji ulimjia kwa ajali, Agosti 1927. Wadakaji wa Chicago waliumia mmoja baada ya mwingine, akiwemo kocha mwenyewe, Ray Schalk, aliyekuwa bado anacheza. Schalk alipoanza kulalamika kwamba hana mtu, Berg alisema mdakaji yupo hapahapa kwenye benchi. Inasimuliwa kwamba alimaanisha mtu mwingine kabisa, lakini kocha akaelewa kwamba anajisema mwenyewe. Basi akavalishwa barakoa na kinga ya kifua. Mechi yake ya kwanza kuanza katika nafasi hiyo ilikuwa dhidi ya Yankees, timu ya Babe Ruth, mpigaji aliyeogopwa kuliko wote. Ruth hakupata kitu siku hiyo, na Chicago wakashinda.

Nafasi hii ya mdakaji inahitaji maelezo kidogo. Mdakaji anachuchumaa nyuma ya mpigaji. Yeye peke yake ndiye anayeutazama uwanja wote kwa mbele, wenzake wote wanamtazama yeye. Kwa vidole, vilivyofichwa katikati ya mapaja, anamwonyesha mrushaji mpira gani urushwe: wa kasi, wa kupinda, wa juu au wa chini. Lazima amjue kila mpigaji, anapenda nini, anaogopa nini, leo amekaaje. Mpira ukiponyoka kwenye gongo unamvunja vidole. Magoti yanakwisha mapema. Na jukwaani watu hawamwimbi yeye, wanamwimba mrushaji. Ni kazi ya akili, maumivu na siri. Ukiangalia vizuri, ni kama Berg alikuwa amesomea kazi hiyo bila kujua. Septemba 1941 aliandika makala ndefu kuhusu warushaji na wadakaji katika jarida la Atlantic Monthly, na mpaka leo wapenzi wa mchezo huo wanaihesabu miongoni mwa maandishi bora juu yake.

Mwaka 1929 ulikuwa mwaka wake. Alicheza zaidi ya mechi 100, na upigaji wake ukapanda mpaka 287. Mapema mwaka 1930 alikamilisha shahada ya sheria, akaajiriwa na kampuni ya mawakili ya Wall Street kwa miezi ya baridi. Kwa muda mfupi alikuwa amepata vyote viwili, wakili na mchezaji. Mzee Bernard angeweza kupumua.

Halafu, Aprili 1930, kwenye mechi ya kirafiki huko Little Rock, akageuka ghafla na goti likaachia. Ndiyo basi tena. Tangu siku hiyo hakuwa tena mchezaji wa kutegemewa. Chicago wakamwachia, Cleveland wakamchukua mwaka 1931 na kumchezesha mechi 10 tu msimu mzima. Akaenda Washington mwaka 1932. Akarudi Cleveland mwaka 1934. Mwaka 1935 akafika Boston, na huko akamalizia uchezaji wake mwaka 1939, kisha akabaki kama kocha msaidizi mpaka 1941. Ukijumlisha maisha yake yote ya ligi kuu unapata misimu 15, mechi 663, wastani wa 243, na mapigo sita tu ya kuvusha mpira nje ya uwanja. Msimu mmoja wa siku hizo ulikuwa na mechi 154. Yeye kwa wastani alicheza kama 44. Zilizobaki alizitazama akiwa benchi, au akiwa kule nyuma akiwapasha misuli warushaji na kuwasimulia hadithi.

Usidhani hakuwa na faida. Kati ya 1932 na 1934 alicheza mechi 117 mfululizo kama mdakaji bila kufanya kosa, rekodi ya ligi yake wakati huo. Lakini ukweli ni kwamba timu zilimweka pia kwa sababu alikuwa mwalimu wa vijana na mtu mtulivu wa kuwa naye. Alivaa suti moja ya kijivu, shati jeupe na tai nyeusi siku zote. Waandishi wa habari walimpenda kupita kiasi. Alipoitwa kwenye kipindi cha redio cha maswali na majibu, akijibu mambo ya asili ya maneno, historia na sheria, jina lake likavuma kuliko lilivyowahi kuvuma kwa sababu ya mpira. Baba yake je? Hakwenda kumtazama akicheza hata mara moja. Hata moja.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Mwaka 1932 Berg alikwenda Japani na wachezaji wenzake wawili kuwafundisha wanafunzi wa vyuo besiboli, akaipenda nchi na kujifunza lugha yake. Mwaka 1934 timu ya mastaa wa Marekani ikaalikwa huko, Babe Ruth na Lou Gehrig wakiwemo. Na katika orodha hiyo ya miamba likaonekana jina la mdakaji wa akiba. Tarehe 29 Novemba, wenzake wakicheza mji wa Omiya, yeye alibaki Tokyo. Akavaa kimono, akanunua maua, akaenda hospitali ya St. Luke's akisema anakwenda kumwona binti wa balozi wa Marekani aliyekuwa amejifungua. Kwa yule mzazi hakufika. Alipanda mpaka juu ya paa, akatoa kamera ya filamu na kuupiga mji wote: bandari, viwanda, reli.

Nani alimtuma? Hapo ndipo watu wanapogawanyika. Baadaye ilivuma kwamba filamu ile ilitumika kupanga shambulio la ndege za Marekani dhidi ya Tokyo mwaka 1942, lakini wanahistoria wengi wana shaka nalo. Kilicho hakika ni kwamba vita vilipoanza aliipeleka kwa wakubwa wa ujasusi wakaitazama.

Baba yake alifariki Januari 1942. Mwezi huohuo Berg aliachana na besiboli akaingia kazi ya serikali. Mtanisamehe nikisema kwamba ratiba hiyo inauma: mzee alikufa mwezi uleule ambao mtoto alifanya kile alichokuwa akimwomba kwa karibu miaka 20. Alitumwa kwanza Amerika ya Kusini, na mwaka 1943 akajiunga na OSS, shirika la ujasusi la Marekani wakati wa vita. Huko ndiko zile lugha, ile sheria, ule usomaji wa magazeti na hata ule udakaji vilipopata kazi moja.

Hofu kubwa ya Marekani ilikuwa kwamba Wajerumani wanaweza kuwatangulia kutengeneza bomu la atomu. Mwaka 1944 Berg alipelekwa Italia kuzungumza na wanafizikia kama Edoardo Amaldi na Gian Carlo Wick, ili kujua wenzao wa Ujerumani wamefika wapi. Hakuwa mwanafizikia. Alijisomea usiku na mchana mpaka akaweza kuuliza maswali ya maana na kuelewa majibu.

Kisha ikaja Zurich. Werner Heisenberg, mshindi wa tuzo ya Nobel na kiongozi wa utafiti wa nyuklia wa Ujerumani, alialikwa kutoa mhadhara huko tarehe 18 Desemba 1944. Berg aliingia ukumbini akiwa na bastola mfukoni. Masimulizi yanatofautiana kuhusu alijifanya nani, lakini agizo linajulikana: akiona Mjerumani huyu amekaribia kupata bomu, ampige risasi palepale. Inasemekana alikuwa pia na kidonge cha sumu kwa ajili yake mwenyewe.

Hebu ivute picha hiyo. Chumba cha semina, wasikilizaji wachache, mtu ubaoni anaandika milinganyo kuhusu nadharia isiyohusiana na bomu lolote. Na katikati yao mdakaji wa zamani wa Boston, ana kalamu mkononi, anamsoma mzungumzaji kama alivyowasoma wapigaji: anapenda nini, anaogopa nini, leo amekaaje. Kosa la upande mmoja lingeua mwanasayansi bure. Kosa la upande wa pili lingeweza kuigharimu dunia. Na hakukuwa na kocha wa kumtazama.

Hakufyatua. Siku chache baadaye, kwenye chakula cha jioni kwa mwanafizikia wa Uswisi Paul Scherrer, alimsikia Heisenberg akizungumza kama mtu anayejua vita vimeshapotea. Akamsindikiza njiani usiku ule akimuuliza maswali ya kawaida kabisa, kisha akatuma ripoti kwamba hakuna bomu linalokuja. Alikuwa sahihi. Wajerumani hawakuwa wamelikaribia. Inasimuliwa kwamba taarifa ilipomfikia Rais Roosevelt, alituma salamu kwa yule mdakaji.

Kama hadithi ingeishia hapo tungepiga makofi tukaenda kula. Lakini haikuishia hapo, na ni wajibu kuimalizia. Baada ya vita serikali ilitaka kumpa Medali ya Uhuru. Aliikataa, na sababu hakuitoa hadharani. CIA walimpa mkataba mwanzoni mwa miaka ya 1950, matokeo yakawa madogo, hawakuuendeleza. Biashara aliyokuwa na hisa ilifilisika na kumwachia deni la kodi. Uwakili hakuurudia. Kwa takriban miaka 20 ya mwisho hakuwa na kazi ya kudumu. Aliishi kwa ndugu na marafiki, akihudhuria mechi bure na kusoma magazeti yake. Mtu akimuuliza siku hizi unafanya nini, aliweka kidole mdomoni, kana kwamba bado ni siri. Kaka yake Samuel alikaa naye miaka 17 mpaka akachoka na kumtoa nyumbani kwa hati za kisheria. Dada yake Ethel akampokea.

Mei 1972 alianguka nyumbani kwa Ethel, akaumia, na tarehe 29 akafariki hospitalini akiwa na miaka 70. Inasimuliwa kwamba jambo la mwisho alilomuuliza muuguzi ni matokeo ya mechi ya Mets siku hiyo. Ethel alikwenda kuipokea ile medali iliyokataliwa, na leo ipo kwenye makumbusho ya besiboli ya Cooperstown. Mdakaji wa wastani wa 243 hakuingia humo kwa gongo lake. Medali yake iliingia.

Sasa turudi kwenye vimbweta. Upande wa wazazi utasema: mnaona, angebaki na sheria asingekufa akiwa hana kwake. Upande wetu utasema: mnaona, masomo na mchezo vyote vilimfaa siku ile Zurich. Mimi nikimtazama Berg naona jambo la tatu. Alijua mambo mengi sana, na hakuna hata moja alilokubali limwone mzima. Mpirani alikuwa msomi, kwa wasomi alikuwa mchezaji, nyumbani alikuwa siri. Baba yake alikosea kutokwenda uwanjani. Yeye naye alikosea kumsubiri baba yake aje ndipo aamini kwamba maisha yake ni ya kweli.

Ukienda likizo na mzee akakuuliza lile swali, usinyamaze wala usiweke kidole mdomoni. Mwambie unachokifanya, ratiba ya mechi mwachie mezani, kisha nenda kacheze. Asipokuja, utakuwa umemwalika.